Kufungua huduma Lamu: ndani kwa zamu au nje Mkunguni?

Wakati wa janga kama la korona, ofisi za mji wa Lamu zinaweza kurudisha huduma kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kubaki ndani: watu wachache kwa zamu, barakoa, alama sakafuni. Karatasi hazipeperuki, na mwenye jambo la siri husikizwa faraghani. Tatizo liko mlangoni. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba mno. Akipita punda aliyebebeshwa mawe, wote mnajibana ukutani. Foleni uliyoiondoa ndani umeihamishia kichochoroni tu.

Ya pili ni kuweka meza nje, kwenye uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Virusi vya korona huelea kwenye chumba kilichofungwa, ila upepo wa bahari huvitawanya. Nakumbuka Julai 2020, nchi ilipoanza kufunguliwa kwa awamu, kusi ikivuma: bibi mmoja amekaa barazani, pindo la buibui amelibana chini ya paja lisipeperuke, akingoja kuitwa. Hakuna aliyempumulia kisogoni. Lakini mvua ikija, au jua la saa saba, hapakaliki bila turubai.

Mimi nachagua nje kwa mambo ya haraka: malipo, mihuri, fomu. Ndani wabaki wenye siri na wazee wasioweza kusimama, madirisha yote wazi. Na wanaovuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, wapewe saa yao mapema, wasishinde gatini siku nzima.