Mark X ya mtumba Dar: ikague ikiwa ya baridi

Ukitaka sedani ya nafasi, yenye V6 na ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati anaifikia, Dar hii jibu bado ni Toyota Mark X. Kiwandani iliachwa kuundwa Desemba 2019, kwa hiyo kila utakayoiona ni ya mtumba, iwe imeshuka bandarini mwezi uliopita au imeshapita mikononi mwa watu wanne pale Sinza. Bodi yake ni ngumu, gia boksi haina makuu, viti vinakaa vizuri hata safari ya Dodoma. Hasara yake karibu yote imejificha ndani ya injini, ile 4GR-FSE ya cc 2,499. Na muuzaji hatakuonesha injini. Atakuonesha rimu, skrini na namba ya gari.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayopandisha bei kuliko inavyostahili. "Namba D" au "namba E" inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Mark X ya 2006 iliyochelewa kuingia nchini inaweza kuwa na herufi mpya kuliko ya 2010 iliyowahi. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha usome namba ya chasisi. Zinazoanza na GRX120, GRX121 na GRX125 ni toleo la kwanza, la 2004 hadi 2009. GRX130, GRX133 na GRX135 ni toleo la pili, lililotoka Oktoba 2009. Usiiamini sura. Bampa, grili na taa za baada ya maboresho ya 2012 hufungwa kwenye gari la 2010 na mnunuzi akalipia miaka ambayo haipo. Vuta mkanda wa kiti cha mbele mpaka mwisho uangalie lebo iliyoshonwa chini, mara nyingi ina mwaka.

Kwa matumizi ya familia chagua GRX130, yaani 2.5 ya toleo la pili. Toyota waliirekebisha itumie petroli ya kawaida, wakati ya kwanza iliundwa kwa petroli ya daraja la juu, na anayeijaza yoyote anaipata taabu yake pale inapobeba mzigo mlimani. GRX121 ya cc 3,000 ina mvuto barabarani lakini magonjwa ni yaleyale na mafuta ni zaidi. GRX133 ya cc 3,500 kwa kweli ndiyo yenye injini bora kuliko zote, kwa sababu tutakayoieleza, ila ni chache na uwe na moyo wa kusimama kituo cha mafuta. Za 4WD, yaani GRX125 na GRX135, ziache. Hazikupi urefu wa maana kutoka ardhini, zinakuongezea tu shafti na difu ya mbele ya kuhudumia.

Sasa injini. Kwenye injini za kawaida, kama 1G-FE ya Mark II GX110, nozeli zinamwaga petroli nyuma ya vali za kuingizia hewa, na petroli hiyo inaziosha kila mzunguko. 4GR-FSE ni D4. Nozeli zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali 12 za hewa haziguswi na tone la petroli. Wakati huohuo mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa, unatua juu ya vali zilizo moto, unaungua na kuganda. Baada ya miaka ya foleni za Mwenge na Tazara, vali inavaa masizi meusi mazito kama ukoko wa sufuria. Hewa haipiti sawasawa, silinda moja inapata ya kutosha na nyingine haipati, na gari linaanza kumisi, yaani silinda kuruka mchomo, likiwa baridi. Likishapata moto linatulia. Ndiyo maana ukifika saa tano mchana umekuta dalali ameshalizungusha mara tatu, hutaona kitu. (3.5 ina nozeli za aina mbili, za ndani na za njia ya hewa, ndiyo maana haisumbuki hivi.)

Kwa hiyo miadi iwe saa moja asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe. Gusa boneti na bomba la eksosi kwanza. Kama kuna joto, rudi kesho. Washa, na usikilize sekunde tano za mwanzo. Mlio wa tikitiki laini wa pampu ya petroli yenye presha na nozeli ni wa kawaida kwa D4, usikutishe. Mkwaruzo wa nguvu unaotoka mbele ya injini kwa sekunde moja au mbili kisha ukakata si wa kawaida. Huo ni wa gia za VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, na kuzifikia ni kufungua mbele yote ya injini. Halafu iache silensa, yaani ikiunguruma yenyewe, kwa dakika tano bila kukanyaga, ukiweka glasi nusu ya maji juu ya dashibodi. Maji yakitikisika vipindi vipindi, kama mtu anayepiga kwikwi, kuna silinda haifanyi kazi sawasawa.

Hapo pimisha kwa mashine. Ukitoka msimbo wa kumisi, P0300, au wa silinda mojawapo kuanzia P0301 hadi P0306, hujajua bado kama ni koili, plagi au masizi. Fundi mzuri anahamisha koili ya silinda inayomisi kwenda nyingine. Msimbo ukihama nayo, ni koili, na umepona kwa bei ndogo. Ukibaki palepale, abadilishane plagi. Ukigoma hata hapo, jiandae kusafisha vali. Fundi akikwambia utatue kwa chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi, badilisha fundi. Dawa hiyo inapita kwenye nozeli na kuingia silindani, vali za hewa haizioni kabisa.

Kusafisha kwenyewe kunafanyika Dar na kunafanyika vizuri, ila usimamie. Manifoldi ya hewa inatolewa, krenki inazungushwa mpaka vali za silinda inayosafishwa ziwe zimefunga, dawa inamwagwa ilowe, kisha brashi na hewa ya kompresa, silinda moja baada ya nyingine mpaka sita. Fundi mwenye haraka anaruka hatua ya kufunga vali, na makapi yanadondoka ndani na kukwaruza silinda. Gasketi za manifoldi ziwe mpya, si za kupakwa silikoni. Wakati imefunguliwa ndiyo nafasi ya kubadilisha vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa.

Ugonjwa wa pili ni kula oili. Injini hii inachukua zaidi kidogo ya lita 6, na ringi za pistoni zikishajaa masizi zinaacha oili ipande. Chomoa stiki ya oili kabla ya kuwasha. Ikiwa chini ya alama, muuzaji amejisahau. Ikiwa imejaa mpaka juu na oili ni nzito kama asali, amekumbuka mno. Kumimina oili namba 40 au 20W-50 ndiyo njia ya mjini ya kuficha moshi na kelele mpaka gari liuzwe. Injini hii inataka oili nyepesi, 5W-30, kwa sababu VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili kupitia matundu membamba. Nzito inachelewa kufika huko asubuhi, na gia zinasagika pasipo kitu. Baada ya kuendesha nusu saa, simama, iache silensa dakika mbili, kisha kanyaga ghafla huku mwenzako anaangalia nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, usibishane bei. Ondoka.

Tatu ni maji. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi. Unataka kuona kulanti ya pinki. Ukiona maji ya rangi ya chai, gari limenyweshwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Bloku na hedi za injini hii ni za aluminiamu, chumvi inazila taratibu, na siku ya kuchemsha katikati ya foleni ya Ubungo gasketi ya hedi inaondoka. Mulika pia pampu ya maji kwa tochi. Ukikuta ukoko mkavu wa pinki pembeni yake, inavuja kidogo kidogo. Jambo la faraja ni kwamba injini inatumia cheni, huna mkanda wa taimingi wa kubadilisha kama wa GX110 au Brevis.

Gia boksi ya gia sita haina stiki, na hapo ndipo mafundi wengi wanakosea. Inatumia hidroliki ya Toyota iitwayo ATF WS. Akiweka hidroliki nyingine yoyote ya dukani, itaanza kupiga teke kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Ukiwa umekanyaga breki, toa P weka D, kisha R. Ishike ndani ya sekunde moja bila kugonga. Ukilinunua, badilisha kwa kumwaga na kujaza lita 3 hivi, rudia baada ya wiki kadhaa. Kiasi kinapimwa kwa bolti ya kufurikia, hidroliki ikiwa na joto linalotakiwa.

Chini, gari lina takribani sentimita 15 kutoka ardhini, na barabara za ndani za Goba, Kinyerezi au Bunju zinazijua. Bushi kubwa za mikono ya chini ya mbele ndizo zinazokufa mapema. Dalili yake ni tairi kulika upande wa ndani na usukani kutetemeka ukipiga breki mwendo wa 80. Wengine wameweka spesa juu ya springi wasiguse matuta. Zinasaidia tumbo la gari na kuua boljointi. Pitia kila kona chini kwa tochi, uangalie kama sampo ya oili imewahi kuchomelewa.

Mafuriko ya Msimbazi yameshaacha magari mengi yaliyooshwa vizuri sana. Ule mkanda wa kiti ulioshauriwa kuuvuta, unuse na uangalie mwisho wake. Mstari wa tope haufutiki hapo, kwani hakuna anayekumbuka kuuosha. Inua kapeti la buti mpaka kwenye shimo la tairi la akiba, na mulika bolti za reli za viti. Kutu kwenye bolti za ndani ya gari haina maelezo mengine ya heri. Kama buti limejaa spika, ziombe zitoke kwanza.

Spea za injini si tatizo, kwani 4GR-FSE ilifungwa pia kwenye Crown GRS180 na GRS200 na kwenye Lexus IS250. Gerezani na Kariakoo utapata, mpya na za mtumba. Jihadhari na koili za boksi zuri zisizodumu miezi miwili. Bora ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani. Vitu vya bodi ndivyo vinavyouma: taa, saitimira na bampa ni vya Mark X peke yake, na vibaka wanalijua hilo vizuri kuliko wewe. Kagua kama saitimira zimefungwa rivets na kuchorwa namba. Namba iliyochorwa ikitofautiana na ya gari, uliza. Funguo za smart dai mbili, wa pili ukikosa ni gharama ya kuprogramu. Redio ya Kijapani nayo haipandi mpaka stesheni za juu bila kifaa cha kuongeza masafa, kitu kidogo, kiombee punguzo.

Kuagiza mwenyewe kutoka Japani kuna faida ya karatasi ya mnada. Alama R ina maana lilipata ajali likatengenezwa. Lakini piga hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela. Cc zaidi ya 2,000 na umri zaidi ya miaka 10 vyote vinaongeza ushuru, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT.

Ukinunua hapa, kadi iwe halisi na jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. "Kadi imepotea, lost report hii hapa" mara nyingi maana yake kadi iko kwa mkopeshaji, na kifaa cha kulifuatilia gari kiko mahali fulani chini ya dashibodi. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na deni la maegesho la TARURA. Uliza kama liliingia kwa msamaha wa kodi, kwa sababu kodi hiyo italipwa kabla umiliki haujahama. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria, hela ipite benki kwenda kwa mwenye jina kwenye kadi. Cha juu cha dalali ajuane nacho muuzaji.

Mafuta: tegemea kilomita 7 hadi 8 kwa lita mjini, 11 hivi kwenye njia ya Morogoro ukitulia. Nyuma wanakaa wawili kwa raha. Wa katikati anapanda juu ya handaki la shafti na magoti yake yanamfika kifuani, kwa hiyo mpe mtoto. Kwa anayepiga foleni ya Mbagala kila siku na hesabu ya mafuta inamuuma, GX110 nzima yenye 1G-FE itamtunza vizuri zaidi, hata kama majirani hawatageuka kuiangalia. Anayeing'ang'ania Mark X atenge, pembeni ya bei, hela ya kusafisha vali, plagi sita za iridiamu, oili, kulanti na bushi za mbele, na azifanye zote wiki ya kwanza.