Mimea hai kwa samaki wa dhahabu: kilicholiwa na kilichobaki

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mgeni anayeketi sebuleni kwangu hapa Migosi, Kisumu, na kuliona tangi langu la samaki na mimea yake ya majini. Anubia, shilingi mia nane. Java feni, ambayo ni kangaga wa majini, mia sita. Fungu la valisneria, mia nne. Honiwoti mia mbili, na ludwigia nyekundu, ambayo mtoto aliipenda kwenye picha, mia tatu na hamsini. Ongeza mia tatu za parseli kutoka Nairobi. Haifiki elfu tatu, lakini kwa pesa hiyo, kama mama watoto alivyonikumbusha, ukienda soko la Kibuye unarudi na samaki wa kuliwa na jamaa wote na wageni juu.

Anubia na java feni zimenilipa. Zile nyingine, kwa sehemu kubwa, niliwanunulia samaki mboga.

Muuzaji mwenyewe simtaji, ila kazi yake ya kufungasha ni safi. Kila mmea ulikuwa umeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa, ukatiwa ndani ya mfuko uliojazwa hewa, kisha katoni ikabandikwa gundi pande zote. Mzigo ulipanda basi jioni, asubuhi nikauchukua kwenye ofisi ya parseli mjini. Majani yalikuwa baridi na magumu, hakuna lililokuwa jeusi. Kwa safari ya usiku kucha, hapo nampa alama zote.

Tatizo ni maelezo yake. Kila mmea aliuandikia kwamba unafaa tangi la samaki wa dhahabu. Huo ni uongo wa kibiashara, na yeyote aliyewahi kuwafuga samaki hawa anaujua. Samaki wa dhahabu (goldfish) ni jamii moja na samaki aitwaye kapu (carp), hana tumbo la kuhifadhia chakula, kwa hiyo kutwa nzima anatafuta. Anavuta kokoto mdomoni, anazichambua, anatema. Ukikaa karibu na kioo unazisikia zikigonga. Mmea wowote uliochomekwa kwenye kokoto hizo utang'olewa hata kama hana haja ya kuula.

Ludwigia haikuona jua la pili. Majani yake ni laini, na wangu watatu waliishambulia kuanzia juu kwenda chini mpaka vikabaki vijiti vyekundu vinaelea. Mtoto alihuzunika kidogo, halafu akaanza kuwashangilia. Valisneria inaliwa taratibu zaidi kwa sababu jani lake ni refu na lina nyuzi, lakini waling'oa mashina yote. Niliyokusanya nikayapanda kwenye vyungu vidogo vya udongo na kuyafunika na mawe ambayo mdomo wao hauwezi kuinua. Yako hai, ingawa ncha zimetafunwa na hayapendezi kutazama.

Honiwoti nina maoni mawili juu yake. Haina mizizi, inaelea tu au unaifunga penye jiwe, na inakua haraka kiasi kwamba samaki hawawezi kuimaliza. Kwa kuwa inakua haraka, inafyonza amonia na naitreti nyingi, yaani uchafu wa samaki ulioyeyuka majini, na samaki wa dhahabu wanachafua maji kuliko ukubwa wao unavyoonyesha. Kwa hilo inastahili mia mbili zake mara kumi. Lakini ikihamishwa maji hupukutisha vijani vyake vyembamba kama sindano. Vyangu viliziba sponji ya chujio, nikawa naitoa na kuikamua kila jioni mpaka mmea ulipozoea. Kama chujio lako ni dogo, iweke kwanza kwenye ndoo, imalizie kupukutika huko.

Sasa anubia. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kwenye vijito vya msituni vyenye kivuli. Jani lake ni nene na gumu, ukilipinda unahisi kama unapinda ngozi. Mizizi inatoka kwenye shina nono linalotambaa kama tangawizi, na shina hilo halifukiwi kamwe. Ukilifukia kwenye kokoto linaoza, unabaki na majani yasiyo na mwenyewe. Mimi nililifunga kwa uzi mweusi wa cherehani juu ya jiwe lililobaki kwenye ujenzi, nikiwa nimelisugua kwanza na kulimwagia maji moto. Samaki walilijia, wakalisukuma, wakajaribu jani moja, wakatema. Tangu hapo wanapita pembeni. Jani jipya hutokea likiwa limejiviringisha, kijani cheupe, nalo ndilo wanaloweza kulionja kabla halijakomaa. Ni mmea wa polepole mno: usitarajie msitu. Na usiuwekee taa kali ukidhani unausaidia, kwa sababu jani linalokua polepole huota mwani juu yake kabla halijapata faida yoyote. Yangu inapata taa ya kawaida kuanzia mchana hadi jioni, basi.

Java feni unaifunga vilevile, na samaki hawaipendi kabisa. Inasemekana ni chungu, na nyuso zao zinathibitisha. Ukiona vidoa vyeusi vimejipanga nyuma ya jani usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia: mara nyingi ndivyo viini vyake vya uzazi, kama kwenye kangaga wa nchi kavu. Majani ya zamani huzaa vimche kwenye ncha, unavibandua na kuvifunga kwenye jiwe jingine. Kwa hiyo ile mia sita inaendelea kuzaa.

Muuzaji alijaribu pia kuniuzia chupa ya mbolea. Nilikataa. Kinyesi cha samaki wa dhahabu watatu ni mbolea ya kutosha anubia za mtaa mzima. Kisha akaniambia kwa simu, "Ndugu yangu, ukishakuwa na mimea hai, pampu ya hewa ya nini tena?" Hapo nilimkatalia kabisa. Mchana mmea ukipata mwanga hutoa oksijeni, lakini usiku unaivuta kama samaki wenyewe. Na Kisumu ni joto, na maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, wakati samaki hawa kwa asili ni wa maji ya ubaridi. Stima ikikatika usiku kwangu, samaki huonekana juu wakipiga midomo, mimea ipo na imenyamaza. Nina pampu ndogo ya betri kwa ajili hiyo. Wenzetu wa Nakuru, huko juu kwenye baridi, wana nafuu.

Watu wananiuliza kwa nini nitoe pesa Nairobi na ziwa liko hapo Dunga, limejaa majani ya bure. Honiwoti kweli inaota ziwani. Lakini majani ya ufukweni huja na konokono, na baadhi ya konokono wa Ziwa Victoria ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea vikitoka kwenye konokono vinaingia kupitia ngozi, na mtu wa tangi kazi yake ni kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sihitaji kuokoa mia mbili kwa njia hiyo. Hata mimea ya parseli niliikagua jani kwa jani. Chini ya moja la anubia palikuwa na tone la utelezi lenye mayai ya konokono, nikalikwangua kwa ukucha na kuuacha mmea kwenye ndoo ya maji safi kabla ya kuutia tangini.

Kinyume chake pia ni kweli. Honiwoti ikizidi, naikausha juani na kuitupa kwenye shimo la mboji, siyo kwenye mtaro unaoteremka ziwani. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likienezwa duniani kama pambo la vidimbwi, na tunaoishi hapa tunajua lilichowafanyia wavuvi tangu miaka ya 1990.

Ukiamua kuagiza, mwombe muuzaji picha ya lile shina la anubia lenyewe, siyo ya majani. Shina zuri ni kijani na gumu. Likiwa la kahawia na laini, au likifika linanuka, limeshaoza, na majani yatafuata hata yawe mazuri vipi siku hiyo. Mimi nikiagiza tena itakuwa anubia ya majani mapana peke yake, na hiyo nyekundu aiache hukohuko Nairobi.