Meno yangu ya bandia: seti mbili, tofauti yake mbingu na ardhi

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na kazi yangu ni ya mdomo. Wateja wangu wengi wako Kahama na Shinyanga. Wananipigia simu asubuhi, natamka bei ya sado na ya gunia, tunaelewana, mzigo unapanda gari. Kwa hiyo meno yalipoanza kuondoka, sikuhesabu tu hasara ya sura.

Hayakuoza, yalilegea. Kwa miaka fizi zilikuwa zinatoa damu nikipiga mswaki, nikadhani ni ugumu wa mswaki wenyewe. Nina kisukari, na hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa sukari ikipanda fizi huumia, na fizi zikiumia sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Nilipofika kwa daktari, meno ya juu yalikuwa yamebaki 9, yote yanacheza. Yaling'olewa kwa safari 3. Kung'oa kwenyewe msikuogope, ganzi inafanya kazi yake. Unang'ata pamba, siku ya kwanza husukutui wala huvuti sigara ili damu iliyoganda kwenye shimo isitoke, kuanzia kesho yake unasukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Seti ya kwanza nilitengenezewa haraka mno. Wiki mbili baada ya jino la mwisho kutoka, mtu alinichukua vipimo mara moja, akaniita nikachukue, nikalipa, basi. Mwanzoni yalikaa. Baada ya miezi miwili hivi yakaanza kushuka nikiongea. Siku moja, mteja amesimama mbele yangu, nikasema "sado elfu..." na sahani nzima ya juu ikadondoka kwenye ulimi. Nilifunika mdomo kwa khanga, nikamwachia mwanangu amalizie biashara. Jioni ile nililia. Nilimpigia yule mtu, akaniambia nitazoea.

Sikuzoea, kwa sababu hilo si jambo la kuzoea. Jino likitoka, mfupa uliokuwa unalishika huanza kupungua, na miezi ya mwanzo ndiyo unapungua kwa kasi zaidi. Fizi iliyopimwa ikiwa bado imevimba si fizi utakayokuwa nayo baadaye. Si kwamba kuvaa mapema ni kosa. Wapo wanaovalishwa siku ileile ya kung'olewa. Lakini huambiwa kabisa kuwa ni ya muda, na kwamba ndani yatahitaji kujazwa upya fizi zikitulia. Mimi sikuambiwa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niliyaweka kwenye kopo kabatini. Karibu nusu mwaka nikawa mtu wa uji, ugali na mlenda, na mnofu wa sato niliochambuliwa na mjukuu. Karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nilikuwa nawaangalia wenzangu wakila.

Seti ya pili nilitengenezewa kliniki nyingine hapa mjini, na nilikwenda mara 5 kabla sijayavaa nyumbani. Siku ya vipimo wanachanganya poda na maji, inakuwa kama uji mzito, wanaijaza kwenye kibakuli cha chuma na kukubandika kaakaani. Nilitaka kutapika. Daktari akaniambia, "Mama, inamisha kichwa mbele kidogo, vuta pumzi kwa pua." Ikapita. Safari nyingine ni ya kung'ata nta, ili wajue taya la juu na la chini vinakutana wapi.

Kisha ikaja siku ambayo kwa yule wa kwanza haikuwepo kabisa: kuyajaribu meno yakiwa yamepangwa kwenye nta, kabla hayajatengenezwa ya kudumu. Nikapewa kioo. Yalikuwa meno mazuri, yamejipanga, lakini hayakuwa yangu. Mimi nilizaliwa na mwanya, mama yangu alikuwa nao, mume wangu aliuona huo kabla hajajua jina langu. Nikasema kwa aibu, "Daktari, naomba mwanya wangu." Hakucheka. Alimwita fundi, akayasogeza meno mawili ya mbele pale pale kwenye nta laini, nikatazama tena, nikajiona. Halafu akaniambia nihesabu kuanzia sitini hadi sabini, kwa sauti. Anasikiliza ile "s": ikitoka na mluzi, au meno yakigongana, anarekebisha. Nilihesabu mara 4.

Meno mapya yakishatoka kwa fundi ukayavaa, mjue kuwa yatachubua. Siku ya tatu nilikuwa na kidonda juu upande wa kulia. Usichukue msasa wala kisu, rudi kwa daktari. Na siku ya kurudi yavae, hata kama yanauma, ili alama ionekane na ajue pa kusaga. Nilirudi mara 3, sikudaiwa hela ya ziada, kwa sababu tulikubaliana hivyo tangu mwanzo. Kabla hujalipa popote, uliza hilo: marekebisho yamo kwenye bei au hayamo?

Kula nilianza na vipande vidogo, natafuna pande zote mbili kwa pamoja, maana ukitafunia upande mmoja, wa pili unanyanyuka. Na sisi watu wa ziwani tuwe waangalifu: kaakaa likishafunikwa, huusikii mwiba wa samaki kama zamani, wala joto la chai. Sato wangu namchambua kwa vidole kwanza, kila mnofu. Mahindi ya kuchoma siyang'ati gunzini, nayapukuchua. Michembe nimerudi nayo, ila naichovya kwenye chai.

Usiku nayavua fizi zipumue, nayaloweka kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto yanayapinda. Nayasugua kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, si dawa ya meno, inayakwaruza. Na nayaoshea juu ya beseni lenye maji, yakiteleza yasipasuke.

Kama una seti iliyolala kabatini kama yangu ilivyolala, usiseme wewe huwezi kuvaa. Ibebe, ipeleke kwa daktari wa meno aitazame. Nyingine hujazwa ndani tu zikakaa.

Juzi asubuhi mteja wa Kahama alipiga simu, mwaloni una kelele, boti zinashusha. Akauliza bei ya gunia. Nikamtajia, hakuniambia nirudie.