Msimbo wa SMS au programu ya uthibitisho?
Mfanyabiashara wa viazi wa Uyole anayetaka kuilinda barua pepe yake kwa hatua ya pili, yaani msimbo unaoombwa baada ya nywila, ana njia mbili. Msimbo wa SMS hupokelewa hata kwenye kitochi, lakini huifuata laini: tapeli akifanikiwa kuirudisha laini yako kwa hila, yaani kupewa kadi mpya ya namba yako, misimbo yote humfikia yeye. Programu ya uthibitisho hutengeneza msimbo ndani ya simujanja yenyewe, kwa ufunguo (namba ya siri) uliohifadhiwa humo na saa ya simu, ukibadilika kila sekunde 30, hivyo hufanya kazi hata Makete mtandao unapokatika. (Anayemsomea tapeli msimbo haokolewi na njia yoyote kati ya hizi.) Ningechagua programu, ilimradi misimbo ya akiba, ile ya kuingilia bila programu, iandikwe karatasini, kwani simu ikiibwa stendi ya Nanenane, ufunguo huenda nayo.