Kasha la nje la SSD: linunue kabla laptopu haijaenda kwa fundi

Laptopu ikizima ghafla au kioo kikipasuka, swali la kwanza ni fundi gani mzuri. Linalosahaulika ni picha, mikataba, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na WhatsApp iliyoachwa wazi: vitalala wapi usiku huo? Vilale nyumbani kwako, ndani ya kasha la alumini linaloenea kiganjani. Unachomoa diski (SSD, hifadhi inayobeba mafaili yako yote), unaiweka humo na inasomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta nyingine, fundi anapokea mashine tupu. Kwa ulinzi wa taarifa wakati wa matengenezo, hatujaona kifaa kingine chenye faida kubwa hivi kwa bei ndogo.

Njia ambazo watu huzitegemea ni dhaifu. Nywila ya Windows peke yake haifichi chochote: fundi anachomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, anawasha, na folda zako zote zinasomeka. Kufuta mafaili nako kunahitaji mashine inayowaka, na inayopelekwa kwa fundi mara nyingi haiwaki. Hofu hii ina msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipeleka laptopu zenye kasoro ndogo ya sauti kwenye maduka 12, kisha wakasoma kumbukumbu za mashine baada ya kuzichukua. Katika maduka 6, mafundi walikuwa wamefungua mafaili binafsi, na katika 2 kati ya hayo walinakili kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na ni vizuri kuzijua. Ila picha ikishanakiliwa, sheria haiirudishi.

Kinachotofautisha kasha moja na jingine ni chipu ya ndani, na wauzaji wengi hawaiandiki kwenye boksi. SSD za M.2, yaani zile nyembamba kama kipande cha ubao, ziko za aina mbili, NVMe na SATA, na kwa macho zinafanana sana. Makasha yenye JMS583 au ASM2362 yanasoma NVMe tu. Ukiweka SATA, kompyuta haioni kitu, na mtu anadhani diski imekufa. Yenye RTL9210B yanasoma zote mbili, na ndiyo tunayoyapendekeza, hasa kwa laptopu za mtumba ambazo hujui mwenye nazo wa kwanza aliweka nini. Ukiwa bado dukani, omba walichomeke likiwa na diski, fungua Device Manager, tazama Hardware Ids: ukiona VID_0BDA na PID_9210 basi ni chipu ya Realtek. Kisha omba wajaribu na SSD ya SATA, maana RTL9210 isiyo na herufi B husoma NVMe pekee.

Angalia pia urefu. SSD nyingi ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80, lakini laptopu ndogo hutumia 2230 au 2242. Kasha zuri lina matundu ya kushikilia urefu wote. Ndani kuna kipande laini cha kupeleka joto kwenye alumini. Kina nailoni juu na chini, na zote mbili zinabanduliwa. Wengi huacha moja, diski inachemka, na kasi inashuka katikati ya kunakili.

Kasoro moja tumeiona kwenye makasha mengi: waya unaokuja nayo ni mfupi na wakati mwingine hafifu. Ukiishia kwenye kasi ya USB 2.0, utapata kama MB 40 kwa sekunde, na GB 200 zitachukua karibu saa moja na nusu. Kingine ni umeme. Tundu la kawaida la USB 3.0 hutoa ampea 0.9 kwa volti 5, wati 4.5 tu, na NVMe yenye njaa huomba zaidi inapoandika. Ikikatika katikati ya kazi, hamia tundu la USB-C la kompyuta ileile kabla hujalaumu diski.

Sasa kuitoa SSD kwenye laptopu. Kama mashine bado inawaka, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima isisomeke bila ufunguo: tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Kwenye Windows 11 usimbaji mara nyingi hujiwasha wenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mwenye mashine asijue, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Uandike kwenye karatasi. Utaombwa siku ukichomeka kasha kwenye kompyuta nyingine, na utaombwa tena fundi akibadilisha bodi kuu, kwa sababu chipu ya TPM iliyokuwa ikifungua diski imeondoka na bodi ya zamani. Halafu zima ukiwa umeshikilia Shift, ili Windows izime kabisa badala ya kulala nusu.

Chomoa chaji. Bisibisi ya PH0 inatosha laptopu nyingi. MacBook inataka pentalobe P5. Skrubu za chini hutofautiana urefu, na ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa mpaka juu karibu na kibodi, kwa hiyo chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake. Achia mfuniko kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kabla hujagusa chochote, tenga betri: shika kichwa cha plastiki kwa kucha za vidole gumba, kisogeze kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka kitoke. Ukivuta nyaya zenyewe, zinang'oka. SSD inashikwa na skrubu moja. Ukiifungua, diski inainuka yenyewe upande mmoja, nawe unaivuta kwa kuilaza hivyohivyo. Chungulia tena kama kuna diski ya pili ya inchi 2.5, maana zipo laptopu zenye zote mbili. Hiyo kasha la M.2 haliipokei, inahitaji waya wake wa SATA kwenda USB.

Mafundi wengine watasema hawawezi kupima bila diski. Kioo, betri, tundu la chaji, kibodi, feni na bawaba vyote hupimwa kwa BIOS, ile programu ya msingi ya mashine inayofunguka hata bila diski, au kwa flashi. Ujumbe wa "No bootable device" ni wa kawaida na hauna madhara. Kama tatizo ni sauti au kamera, mpe SSD ndogo ya GB 128 yenye Windows mpya isiyo na kitu chako.

Udhaifu mkubwa wa kasha ni kwamba halina msaada pale hifadhi ilipochomelewa kwenye bodi. MacBook za miaka ya karibuni ziko hivyo, na laptopu nyingi za bei nafuu zenye eMMC, aina ya hifadhi isiyochomoka. Kwa Mac yenye chipu ya T2 au ya Apple na macOS 12 kuendelea, hifadhi nakala kisha tumia Erase All Content and Settings. Kwa Windows, andika manage-bde -status kwenye Command Prompt ukiwa Administrator. Unataka kuona asilimia 100, yaani diski yote imesimbwa, na Protection On. Ukiona asilimia 100 lakini Protection Off, usidanganyike: ufunguo uko wazi juu ya diski ileile. Mfungulie fundi akaunti ya pili ya kawaida isiyo na madaraka ya Administrator, usimpe nywila yako, na kwa simu uondoe laptopu hiyo kwenye vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp na akaunti ya Google. Mashine ikiwa imezima kabisa na huna nakala, mwambie fundi kwa maandishi kwamba bodi isibadilishwe bila idhini yako, kwani kwenye Mac hizo bodi ikienda na mafaili yameenda.

Laptopu ikirudi, iwashe bila diski uingie BIOS kabla ya kulipa. Hakikisha RAM ni GB zilezile ulizopeleka. Tazama pia mpangilio wa hifadhi, yaani njia ambayo mashine inaisoma diski: fundi akirejesha BIOS ya kiwandani, RAID au VMD hubadilika kuwa AHCI au kinyume chake, na Windows hugoma kwa skrini ya bluu ya INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Rudisha ulivyokuwa, zima, tenga betri tena, kisha rudisha diski na ukaze skrubu yake kwa nguvu ya vidole viwili tu.