Agriturismo ya Navelli, Abruzzo: kakae hapa kwanza kabla hujanunua nyumba

Kama una mpango wa kuhamia Italia huko vijijini, achana kwanza na picha za nyumba zinazouzwa euro moja, kakae wiki kadhaa kwenye agriturismo, na hii ya karibu na Navelli, mkoa wa Abruzzo, mi naipa nyota nne. Agriturismo ni shamba linalopokea wageni, na mwenye nalo lazima awe mkulima kweli, sio mtu wa hoteli aliyepanda nyanya mbili mlangoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokula kimetoka hapo hapo. Sisi tulifikia pale wakati tunatafuta nyumba, na tulienda msimu wa baridi makusudi. Agosti kila kijiji cha Abruzzo ni kitamu, watu wamerudi kutoka Roma na wengine hadi kutoka Kanada, muziki uwanjani, sherehe za chakula wanazoziita sagra kila wikiendi, yaani unataka kuhamia kesho. Sasa ngoja Februari. Barabara nyeupe theluji, taa inawaka baa tu, na ukiona watu watano wamesimama pamoja ujue kuna msiba.

Tuanze na msosi maana ndo uliotuweka. Arrosticini, mishkaki ya kondoo, huku ndo kwao. Mwenyeji anawasha makaa kwenye fornacella, lile jiko lao refu jembamba mfano wa mfereji wa bati, vijinyama vyenyewe vidogo, karibu sentimita moja, na kamafuta kidogo katikati, vijiti vinapangwa vimebanana na ncha zinabaki nje ya moto ndo maana haziungui, anashika vingi kwa mkono mmoja anageuza, chumvi inakuja mwishoni. Vinaletwa kumi kumi vimefungwa kwenye foili vibaki na moto. Hamna uma, unavuta na meno, mkate wenye mafuta ya zeituni pembeni, na kwa wanaokunywa kuna divai nyekundu ya Montepulciano d'Abruzzo. Mtu mmoja kumaliza 20 wala hawashangai, ila ukiomba sosi utaangaliwa hadi ujute. Wanaokula halali tu waulize mapema, bucha za hivyo tafuta mijini, usitegemee kijiji.

Alafu zafarani. Uwanda wa Navelli ndo nyumbani kwa zafarani ya L'Aquila, mji mkuu wa mkoa, ina hadhi ya DOP, alama ya Ulaya ya kulinda bidhaa za asili ya mahali, tangu 2005. Maua yanachumwa Oktoba alfajiri kabla hayajafunguka, kila ua linatoa nyuzi tatu tu, na kupata kilo moja unahitaji maua zaidi ya laki moja, kwa hiyo ukiona kapakti ka gramu moja kana bei ya kukutoa jasho usianze kugomba. Mama mwenye nyumba alitufungulia kikopo chake, nyuzi nyekundu iliyokolea kabisa, akaloweka chache kwenye maji ya uvuguvugu tangu mchana, usiku ndo akatia kwenye tambi na rikota, jibini yao laini. Sijui nieleze vipi. Supu yake ya dengu za Navelli nayo usiiruke.

Kasoro zipo. Hita zinazimwa saa nne usiku na kule uko kama mita 700 juu ya bahari, baridi inakukuta kitandani. Intaneti inashika ukiwa chumba cha kulia tu. Bila gari umekwisha, basi ni za kuhesabu na Jumapili bora usipange kitu. Na maduka yanafungwa mchana hadi saa kumi hivi, hilo sio kosa la wenyeji wetu ila ujiandae kisaikolojia.

Kutembea: Rocca Calascio, ngome iliyo mita 1460 juu ya bahari, nenda asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Kijiji cha Santo Stefano di Sessanio pazuri, mnara wake uliporomoka kwenye tetemeko la 2009 sasa wameujenga upya. Campo Imperatore, uwanda wa juu milimani, kiangazi kuna bucha zinakuuzia nyama mbichi alafu unachoma mwenyewe nje, msimu wa baridi barabara za juu hufungwa. Kwenye uwanda wenyewe inapita njia ya zamani ya wachungaji, kilomita 244 kutoka L'Aquila hadi Foggia huko kusini, walikuwa wanashusha kondoo maelfu kila vuli, na ukishaijua hiyo unaelewa kwa nini kila sahani ina kondoo au jibini ya kondoo.

Ila faida kubwa ya pale ni maongezi ya mezani. Mzee wa nyumba ndo alitutoa ushamba kwenye mambo ya nyumba: nyumba ya bei ya kutupa mara nyingi ina warithi saba, wawili wako Argentina, na asiposaini mmoja mauzo hayaendi. Akatuambia kabla ya kulipa chochote mlete geometra, yaani mtaalamu wa kupima na kukagua majengo, aangalie ramani na nyufa, tetemeko la tarehe 6 Aprili 2009 liliua watu 309 huku na kuta nyingine zimepakwa rangi tu. Pia kama unatoka nje ya Umoja wa Ulaya, kibali cha kukaa unaomba ndani ya siku 8 za kazi tangu uingie, fomu unachukua posta, na ukishajiandikisha manispaa anakuja polisi wao kuhakiki kama kweli unalala hapo. Hayo yote tumeyajua tukiwa tunamenya machungwa.

Kuhusu kuwa mgeni mweusi kijijini, siku za mwanzo wanakukodolea macho waziwazi, wewe ingia baa sema buongiorno kwa wote na sio kwa muuzaji tu, kufika wiki ya pili kuna mzee ameshakulipia kahawa na anakuuliza ukoo mzima.

Ukienda, omba chumba cha juu ya jiko, kile kinabaki na joto hata hita zikizimwa, na Jumatatu jiko lao limefungwa kwa hiyo nunua mkate Jumamosi.