Kibanzi kiganjani: eksirei haikukiona, ultrasaundi ikakinasa

Kipimo hicho cha ultrasaundi nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu ya foleni tu.

Sisi tunaoanika dagaa huku Igombe, kando ya Ziwa Victoria, tunavijua vichanja vya miti vinavyochoma. Kibanzi kiliniingia chini ya kidole gumba, ngozi ikajifunga juu yake, mkono ukavimba hadi kushika beseni ikawa shida. Hospitali ya kwanza walinipiga eksirei, wakasema hakuna kitu, wakanipa dawa za maumivu. Kumbe eksirei huona vizuri chuma, na hata kioo mara nyingi inakiona, lakini mti mkavu huupita kama haupo.

Nikaenda kituo kingine mjini Mwanza kupima ultrasaundi. Dada wa mapokezi akaniuliza mimba ina miezi mingapi! Mimi na wajukuu wangu.

Daktari hakutumia kile kichwa kipana cha mashine, cha kupimia tumbo. Alichukua kidogo, kilichonyooka, chenye mawimbi ya sauti yanayotetema haraka zaidi: hakifiki mbali ndani, ila kilicho karibu na ngozi kinakionyesha waziwazi. Akapaka jeli, akatembeza polepole. Kwenye skrini kikatokea kimstari cheupe, chini yake kivuli cheusi, na pembeni giza jingine la uvimbe. "Mama, mti wako huu hapa." Akapima urefu na kina, akatia alama ya kalamu juu ya ngozi. Nikachomwa ganzi, wakapasua padogo sana, kikatoka kizima. Sindano ya pepopunda nayo sikuikwepa.

Kazi yote ni ya mwangwi wa sauti, uleule ambao watafiti hutumia wakiwa melini kukadiria samaki wa Ziwa Victoria. Nilimuuliza daktari pia kuhusu mashine nyingine, zinazotumia mwanga na sauti pamoja. Alinieleza kwamba leza hupiga mipigo mifupi, kinachonyonya mwanga hupata joto kidogo, hutanuka na kutoa sauti, na sauti hiyo ndiyo inayochorwa kuwa picha. Alexander Graham Bell aliligundua jambo hilo mwaka 1880, lakini kwa matibabu bado zaidi liko mikononi mwa watafiti. Mimi ya sauti peke yake imenitosha.

Majibu yanategemea sana mkono wa anayepima, kwa hiyo kabla hujalipa uliza kama wana kile kichwa kidogo na kama daktari amezoea kupima mikono na miguu. Na uwahi asubuhi, wajawazito hawajajaa.